Mpango wa mionzi ukaguliwe kwa njia ipi? Hesabu huru, chemba, safu ya vigunduzi na paneli ya mashine

Agosti 1996, katika Hospitali ya San Juan de Dios mjini San José, Kosta Rika, mashine ya kobalti, inayotibu saratani kwa mionzi, iliwekewa chanzo kipya cha mionzi. Chanzo kikibadilishwa, nguvu yake hupimwa upya, na pale ikapimwa. Ila kwenye hesabu, dakika 0.3 ikachukuliwa kuwa sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Mashine ikaonekana dhaifu kuliko ilivyokuwa, na muda wa tiba wa kila mgonjwa ukarefushwa kufidia udhaifu ambao haukuwapo. Hadi kosa linagunduliwa mwishoni mwa Septemba, wagonjwa 115 walikuwa wameshapigwa mionzi iliyozidi kwa asilimia 50 hadi 60.

Huwa nakirudia kisa hiki kila wenzangu wa idara za tibamionzi wanaponiuliza swali lilelile: tuna bajeti ya kifaa kimoja cha kukagulia mipango, yaani hesabu za mionzi atakayopigwa kila mgonjwa, kabla hajaanza tiba, tununue kipi? Wauzaji wameshapita na vijitabu vyao, na kila kifaa kwenye picha kinang'aa. Nami huwauliza: mngekuwa San José mwaka ule, kifaa hicho kingewaonyesha kosa? Kisha nawapitisha Panama, Épinal, Glasgow na New York. Ajali hizo zilichunguzwa na taarifa zake ziko wazi kwa yeyote. Watu waliumia, wengine wakafa. Naona tunawadai angalau hili, kwamba tupimie vifaa vyetu kwa yaliyowapata kabla hatujasaini hati ya manunuzi.

Nizieleze kwa kifupi, maana nitazirudia.

Panama, kati ya Agosti 2000 na Machi 2001. Programu ya kupangia tiba ilikubali vizuizi vinne tu vya madini ya risasi kwa kila uwanja wa mionzi, na madaktari walitaka cha tano. Wapangaji wakapata mbinu ya kuviingiza vyote kana kwamba ni kizuizi kimoja. Programu haikulalamika. Ilichora ramani ya dozi isiyotia shaka, lakini ikatoa muda wa tiba uliokaribia mara mbili ya unaotakiwa. Wagonjwa 28 waliathirika.

Épinal, Ufaransa, 2004 hadi 2005. Hospitali ilikuwa inahama kutoka kabari za chuma, vipande vinavyopunguza mionzi zaidi upande mmoja, kwenda kabari za mwendo, yaani zile zinazotokana na taya za mashine kusogea wakati mionzi inatoka. Baadhi ya mipango ya saratani ya tezi dume ilihesabiwa kwa kabari ya chuma, ikatolewa kwa kabari ya mwendo. Wagonjwa zaidi ya 20 walizidishiwa dozi. Jambo linaloniumiza zaidi katika kisa hiki ni kwamba hospitali ilikuwa na programu ya hesabu huru. Programu hiyo haikuweza kushughulikia kabari za mwendo, ikawekwa pembeni wakati uleule mbinu mpya ilipoingia.

Glasgow, Januari 2006. Mfumo wa kompyuta ulikuwa umebadilishwa. Zamani mpangaji aliandika vizio vya mashine, yaani kiasi cha mionzi ambacho mashine iagizwe kutoa, kwa dozi ya Gray 1 (Gray ni kipimo cha dozi), halafu mwingine akazidisha kufikia dozi ya siku. Mfumo mpya ulitoa vizio vya dozi kamili moja kwa moja. Kwa mpango mmoja wa ubongo na uti wa mgongo, uliokuwa na utata na bado unajazwa kwa mkono, kuzidisha kulifanyika mara mbili. Msichana wa miaka 15 alitibiwa mara 19 kwa dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu.

New York, Machi 2005. Kompyuta ilikwama wakati mpango uliorekebishwa unahifadhiwa. Taarifa za majani ya kolimeta, yale majani membamba ya tangsteni yanayochonga umbo la mionzi, hazikuhifadhiwa. Mgonjwa alitibiwa siku tatu majani yakiwa wazi, akapokea takribani Gray 39. Mpango wake wa awali ulikuwa umepimwa vizuri. Uliorekebishwa ulipimwa baada ya siku hizo tatu.

Hesabu huru au kipimo?

Hili ndilo chaguo la kwanza, nami sifichi upande wangu: hospitali isiyo na hesabu huru isinunue kitu kingine chochote kabla haijawa nayo.

Hesabu huru maana yake ni kwamba mtu mwingine, kwa njia nyingine, anafika kwenye muda uleule au vizio vilevile bila kuitegemea programu iliyopanga. Kwa mashine ya kobalti huhitaji hata kompyuta. Chukua uwanja mmoja wa sentimita 10 kwa 10, uvimbe ukiwa kina cha sentimita 5, dozi inayotakiwa Gray 2. Tuseme jedwali la mwezi linasema mashine inatoa Gray 1.20 kwa dakika pale dozi inapofika kilele. Kwa kina cha sentimita 5, mionzi ya kobalti inabaki takribani asilimia 78. Zidisha, gawanya, unapata dakika 2.14. Programu ikikuletea dakika 4.2, kalamu na karatasi vimeshakuonyesha kosa la Panama kabla chai haijapoa.

Kwa nini basi kosa la Panama halikuonekana? Kwa sababu majibu ya kompyuta hayakuwa yanahakikiwa kwa mkono. Nimekutana na vijana wahitimu wazuri wa fizikia tiba ambao hawajawahi kuhesabu muda wa kobalti kwa mkono tangu wamalize mtihani. Nawasihi wakuu wa idara: mpango usipite bila karatasi hiyo kusainiwa na mtu wa pili. Kwa uwanja rahisi mimi huvumilia tofauti ya asilimia 2 au 3. Ikifika 5 mgonjwa haingii chumbani hadi sababu ijulikane.

Kobalti ina mtego wake wa kalenda pia. Nusu ya nguvu yake huisha kila miaka 5.27, sawa na asilimia 1.1 hivi kila mwezi. Jedwali la Januari likisahaulika ukutani hadi Aprili, kila mgonjwa anapata pungufu ya zaidi ya asilimia 3, na pungufu haiunguzi ngozi ikampa mtu dalili. Anayefanya hesabu huru na akalisoma jedwali lilelile la ukutani hataona kitu. Ajihesabie mwenyewe mionzi ilivyopungua tangu tarehe ya upimaji.

Hapo ndipo mpaka wa njia hii unapoonekana. Hesabu hurithi vipimo inavyolishwa. San José kosa lilikuwa kwenye nguvu ya mashine yenyewe, kwa hiyo ungehesabu mara kumi kwa programu kumi, zote zikalishwa nguvu ileile potofu, zingekubaliana kwa uzuri. Pale kilichohitajika ni mtu mwingine apime upya, au angalau aulize kwa nini mashine yenye chanzo kipya haioani na cheti cha mtengenezaji wa chanzo.

Épinal ni ngumu zaidi. Mkaguzi akichukua taarifa kutoka kwenye mpango, atakuta kabari ya chuma, atahesabu kwa kabari ya chuma, na atakubaliana na mpango. Ili alione kosa lazima achukue taarifa kule mashine inakosomea, kwenye mfumo utakaotoa tiba. Kwa sababu hiyo, ninapoipima programu ya hesabu huru, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni inasoma faili gani: lile linalotoka kwenye programu ya kupangia, au lile lililokwisha kuhifadhiwa tayari kwa tiba? La kwanza lisingeona New York, la pili lingeona.

Kwa mipango ya mbinu za kisasa za IMRT na VMAT, ambapo majani yanasogea muda wote mionzi inatoka, mkono hautoshi. Unahitaji programu inayokokotoa upya dozi yote juu ya picha za CT za mgonjwa. Programu hizi zina sifa moja ambayo vifaa vya kupimia havina: zinauona mwili. Fantomu, kile kinachopigwa mionzi badala ya mgonjwa wakati wa kupima, ni plastiki ya aina moja toka juu hadi chini. Haina pafu lililojaa hewa wala mfupa wa nyonga. Programu ya kupangia ikiwa na mfumo wa zamani wa hesabu unaokosea ndani ya pafu, fantomu itapitisha mpango huo bila neno. Hesabu huru ya Monte Carlo, inayofuatilia chembe za mionzi moja moja kwa kompyuta, itaukataa.

Chemba moja au safu ya vigunduzi?

Sasa twende kwenye kupima. Kupima kunafanyika jioni, wagonjwa wakiisha. Unayapanga mabamba ya plastiki yanayofanana na maji, sentimita 30 kwa 30, unachomeka chemba ya ioni, kijichumba cha hewa kinachokusanya chaji mionzi ikipita, kwenye tundu lake, unavuta waya hadi chumba cha kuongozea, unawasha elektromita inayoisoma chaji hiyo na kuiacha ipate moto. Unaipiga fantomu hiyo mpango wa mgonjwa kama utakavyompiga yeye. Unasoma mara tatu. Kisha unasoma kipimajoto na kipimo cha mgandamizo wa hewa, maana chemba iko wazi kwa hewa ya chumba, na hewa ikiwa nyepesi chemba inakusanya chaji kidogo kwa dozi ileile.

Niseme yaliyonikuta mwenyewe. Nilikuwa bado kijana kazini, hospitali moja ya nyanda za juu. Tulipima mpango wa shingo, ukaja chini kwa asilimia 17. Tukapima wa mgonjwa mwingine, asilimia 17 tena. Tukafungua programu ya kupangia, tukakagua majani, tukakagua kitanda, saa tatu usiku ikapita. Mwenzangu, dada aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, akaja nyuma yangu akatazama daftari.

"Kaka, hiki kipimo cha hewa umekitoa wapi?"

"Kwenye simu, dada. Barometa betri imekwisha."

Hakunigombeza. Alinionyesha tu namba. Utabiri wa hali ya hewa kwenye simu hutoa mgandamizo uliosawazishwa kuwa kama wa usawa wa bahari, kilopaskali 101 na ushei. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa halisi chumbani ni kama kilopaskali 83, na sisi hatukuwa mbali na hapo. Tofauti hiyo peke yake ni karibu moja ya tano ya usomaji wako. Mipango ilikuwa sahihi, mpimaji ndiye aliyekosea. Siku ile tulikuwa tunakagua mipango tu, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Kosa hilohilo likifanywa wakati wa kusawazisha mashine, mtu ataiona mashine dhaifu, ataipandisha, na San José imejirudia. Tangu usiku ule barometa ya akiba hainitoki kwenye kabati.

Chemba ina heshima yake kwa sababu inatoa namba inayofuatika hadi kwenye maabara ya viwango. Udhaifu wake ni kwamba inaijua nukta moja tu. Chemba ya kawaida ya aina ya Farmer ina ujazo wa sentimita 0.6 za ujazo, na ukiiweka mahali ambapo dozi inashuka ghafla, inasoma wastani wa mteremko. Kwa IMRT tumia chemba ndogo, iweke mahali dozi imetulia, na kubali kwamba pembezoni hujaona kitu. Kama majani ya upande mmoja yamechelewa kwa milimita 3, chemba iliyoko katikati haitakwambia.

Safu ya vigunduzi inajaza pengo hilo. ArcCHECK, kwa mfano, ni silinda yenye diodi 1,386, vigunduzi vidogo vya mionzi, zilizoachana kwa milimita 10. OCTAVIUS 729 ni bamba lenye chemba ndogo 729, nazo kila sentimita moja. Unapiga mpango, kompyuta inalinganisha kilichopimwa na kilichopangwa, na inakupa asilimia ya nukta zilizopita. Kipimo kinachotumika ni gama: nukta inapita ikiwa karibu nayo, kwa mfano ndani ya milimita 2, kuna dozi inayolingana nayo ndani ya asilimia 3, au tofauti hizo mbili zikichanganywa hazivuki mpaka. Mwongozo wa TG-218 wa chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, AAPM, uliotolewa mwaka 2018, unataka nukta zisizopungua asilimia 95 zipite. Chini ya 90, mpango usitumike hadi uchunguzwe.

Ni hapa ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu asilimia hiyo ndiyo inayouza vifaa na ndiyo inayolaza watu usingizi. Asilimia 96 inasema nukta 4 katika kila 100 zimefeli. Haisemi ziko wapi. Zikiwa zimetawanyika pembeni kwenye dozi ndogo, hakuna ubaya. Zikiwa zimejikusanya mahali uti wa mgongo unapopita, na zote ziko juu ya mpango, ni mpango ambao mimi siupitishi ingawa skrini ni ya kijani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba asilimia ya gama haitabiri vizuri makosa ya dozi ndani ya mwili wa mgonjwa. Mwaka 2014 kituo cha IROC cha Houston, Marekani, kinachokagua tibamionzi za hospitali nyingine, kililinganisha ukaguzi wa hospitali zenyewe na fantomu yake ya shingo na kichwa, na mipango mingi iliyofeli kwenye fantomu ya kituo ilikuwa imepita nyumbani kwao. Kwa hiyo ukinunua safu, nunua pamoja na desturi ya kufungua ramani na kutazama nukta zilizofeli moja baada ya nyingine, juu ya viungo vya mgonjwa.

Tena usiitupe chemba. Safu husawazishwa dhidi ya kitu fulani, na kitu hicho ni chemba yako. Ukiisawazisha asubuhi dhidi ya mashine ambayo yenyewe imepotoka, jioni safu itaapa kwamba mashine iko sawa.

Safu au paneli ya mashine?

Karibu kila LINAC, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme badala ya kobalti, inakuja na paneli ya picha, mkono unaochomoza upande wa pili wa mgonjwa kuangalia kama amelala sawasawa. Paneli hiyo inaweza kupima mipango pia, na hospitali nyingi zimeshailipia bila kuitumia kwa kazi hiyo.

Kwa macho, paneli ina ushindi mkubwa. Ile ya aS1200 ina nukta 1,280 kwa 1,280, kila moja ikiwa na takribani theluthi ya milimita. Jani lililochelewa kwa milimita 1 linaonekana wazi, ambapo safu yenye vigunduzi kila sentimita inaweza kuliruka. Hakuna kubeba silinda nzito, hakuna kuipanga kwa leza. Unafungua mkono, unapiga mpango, unaondoka. Mahali ambapo mashine inatibu kuanzia alfajiri hadi usiku, dakika 20 za kupanga kifaa kwa kila mpango ni wagonjwa ambao hawatatibiwa siku hiyo. Uganda wanajua uzito wa muda wa mashine: mwaka 2016 mashine yao pekee ya tibamionzi ilipokufa, nchi nzima ilibaki bila huduma hiyo, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi.

Upungufu wa paneli ni wa namna mbili. Haifanani na maji, kwa hiyo namba zake zinahitaji mfano wa hesabu kugeuzwa kuwa dozi, na mfano huo lazima uandaliwe na kuhakikiwa na mtu anayejua anachofanya. Halafu inazunguka pamoja na mashine. Gantri, sehemu ya mashine inayomzunguka mgonjwa, ikisimama nyuzi 5 mbali na inapotakiwa, paneli imekwenda nayo na haioni tofauti. Safu iliyolala kitandani ingeona. Mwenye paneli peke yake apime pembe za gantri kwa njia nyingine katika ukaguzi wa mashine wa kila mwezi.

Paneli ina zawadi moja ambayo safu haiwezi kuitoa: inaweza kupima siku ya tiba yenyewe, mionzi ikiwa imempitia mgonjwa. New York, siku ya kwanza, picha ya uwanja ulio wazi wote ingekuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kwa wenye kobalti au LINAC isiyo na uwezo huo, diodi ndogo inayobandikwa juu ya ngozi siku ya kwanza inafanya sehemu ya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Mtoto wa Glasgow angeonekana siku hiyo ya kwanza badala ya kufika ya 19.

Filamu nitaipitia haraka. Inaona chini ya milimita, haina mshindani kwa viwanja vidogo vya tiba ya uvimbe wa ubongo kwa dozi kubwa, na inachosha: inahitaji skana nzuri, mkono makini, na kuisubiri itulie kabla ya kuisoma. Hospitali isiyofanya tiba hizo iwe na boksi moja la akiba, inatosha.

Faili za kumbukumbu za mashine zinavutia zaidi. Baadhi ya LINAC huandika kila milisekunde 20 mahali kila jani lilipo, na programu inaweza kujenga upya dozi kutoka humo bila fantomu yoyote. Ila anayetoa ushahidi hapo ni mashine yenyewe. Kihisio cha jani kikipotoka, kitaandika kwamba jani liko mahali pake, na faili litakubaliana na mpango. Nazitumia kama nyongeza kwa kila kipindi cha tiba, na kamwe si badala ya kipimo cha kwanza.

Macho ya mtu wa pili

Hiki hakiuzwi, na ndicho kinachonasa makosa mengi kuliko vyote. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichukua matukio yaliyoripotiwa katika hospitali za vyuo vikuu viwili na kuuliza kila hatua ya ukaguzi ingezuia mangapi. Mwanafizikia kukaa na kulipitia jalada la mgonjwa kulikuwa juu kabisa. Kupima mpango wa IMRT kwenye fantomu kulinasa sehemu ndogo sana.

Ukilifikiria jalada lenyewe hutashangaa. Titi la kushoto limepangwa ilhali ripoti ya maabara inasema kulia. Mgonjwa alishapigwa mionzi kifuani miaka minne iliyopita, na karatasi ya hospitali ile nyingine imebanwa nyuma ya picha. Daktari ameandika vipindi 15, programu ina 25. Fantomu itapitisha yote haya kwa asilimia 99, kwa sababu fantomu inajibu swali moja tu: mashine inatoa kilichopangwa? Haijui kama kilichopangwa ndicho kinachotakiwa.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali la bajeti, majibu yangu yako hivi. Kituo cha kobalti chenye viwanja rahisi: mtu wa pili kwenye jalada, hesabu huru kwa mkono, chemba na elektromita zilizosawazishwa, barometa yako mwenyewe, diodi za siku ya kwanza. Fedha ikibaki, ongezeni chemba ya pili. Safu ya vigunduzi hapo ni mapambo. Kituo chenye LINAC kinachoanza IMRT, na paneli ipo: hesabu huru inayosoma faili la tiba, paneli kwa kila mpango, chemba kwa mipango yote ya mwanzo hadi mzoee tabia ya mashine. Safu ije baadaye, au iazimwe mnapofungua mbinu mpya. Kituo kinachofanya VMAT kwa wagonjwa wengi kila wiki na chenye wanafizikia wa kutosha: safu ya silinda ina kazi ya kila siku, na paneli iachiwe upimaji wa siku ya tiba.

Vyote vitatu viombe ukaguzi wa posta wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, na WHO, ambao umekuwapo tangu 1969. Wanawatumia vipimadozi vidogo, mnavipiga Gray 2 ndani ya maji, mnavirudisha, na wao wanawaambia kama mko ndani ya asilimia 5. Ni mtu wa nje kabisa anayeipima nguvu ya mashine yenu. San José walihitaji mtu kama huyo.

Na kituo chochote kiandike ukutani, kwa wino, kwamba mpango ukiguswa baada ya kukaguliwa, hata kwa kubadilisha jambo moja, unakuwa mpango mpya na unaanza foleni upya. Sharti hili ndilo gumu kuliko kununua kifaa. Litakubana Ijumaa alasiri, daktari amerekebisha pembe moja, mteknolojia amekwisha kuandaa chumba, na mama aliyetoka Kigoma amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi akiwa amefunga kanga ya safari. Nimeshatoka mara nyingi kwenda kwenye benchi hilo. Ninachuchumaa ili tuongee uso kwa uso.

"Mama, shikamoo. Leo hatutaanza. Mpango wako umebadilishwa kidogo na bado sijaupima."

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo mpaka lini?"

"Jumatatu, mama, saa mbili asubuhi. Jioni hii naupima mimi mwenyewe."

Kisha ninamwomba muuguzi wa zamu amtafutie kitanda kwenye hosteli ya wagonjwa hadi Jumatatu, na ninarudi ndani kuwasha elektromita ipate moto.